Kunasa salfa ya makaa ya mawe kwa chokaa: uoshe moshi, unyunyize, au uchanganye tanurini?

Muuzaji wa mitambo ya kusafisha moshi atakutajia asilimia ya salfa inayonaswa kabla hujakaa kitini: tisini, tisini na tano, tisini na nane. Mara nyingi asilimia hizo ni za kweli, lakini hazitoshi kukusaidia kuchagua. Njia tatu kati ya nne nitakazozilinganisha hapa zinaweza kufika tisini zikitunzwa vizuri, na bado moja ikakufaa na nyingine ikakufilisi. Ushauri wangu ni kuanza na maswali mawili ambayo muuzaji hupenda kuyaacha mwisho: maji utayatoa wapi, na mabaki utayapeleka wapi?

Kwanza kemia kidogo, kwa haraka. Makaa ya mawe yakiungua, salfa iliyomo hukutana na oksijeni na kuwa gesi ya dioksidi ya salfa, SO2. Kila kilo moja ya salfa hutoa kilo mbili za gesi hiyo. Hubana kifua, humchokoza mwenye pumu, na ikipanda angani huweza kurudi kama mvua ya tindikali. Kalsiamu huishika salfa na kuifanya unga mgumu wa jamii ya jasi. Kazi yetu ni kuikutanisha kalsiamu na gesi hiyo kabla moshi haujatoka kwenye dohani.

Kalsiamu huja kwa sura tatu, na aliyewahi kumwona fundi akizima chokaa anazijua zote. Kuna jiwe la chokaa lenyewe, kalsiamu kaboneti. Ukilichoma kwenye tanuri la joto la nyuzi 900 hivi, hutoa dioksidi ya kaboni, hupoteza asilimia 44 ya uzito wake na kubaki chokaa isiyozimwa. Ukiimwagia maji, inafoka, inapasuka, inatoa mvuke, kisha inatulia ikiwa chokaa iliyozimwa. Jiwe ni la bei ya chini na halina haraka. Chokaa iliyozimwa ni ya bei mara kadhaa zaidi na humenyuka upesi. Tofauti hiyo ya bei na kasi ndiyo inayozaa njia zote nne.

Njia nne kwa hesabu moja

Chukua boila inayokula tani 100 za makaa kwa siku, yenye salfa asilimia 1. Hiyo ni tani moja ya salfa, yaani tani 2 za SO2 kila siku. Hesabu zifuatazo nimezifanya kwa kinasa salfa kisicho na uchafu, kwa viwango ambavyo mitambo ya kawaida hufikia.

| Njia | Unachotia kwa siku | SO2 inayonaswa | Mabaki |
|---|---|---|---|
| Kuosha moshi kwa uji wa jiwe la chokaa | jiwe, tani 3.1 | tani 1.9 | jasi safi, tani 5 hivi |
| Kunyunyiza uji wa chokaa iliyozimwa | chokaa isiyozimwa, tani 2.5 (unaizima mwenyewe) | tani 1.8 | unga mkavu mchanganyiko |
| Kuchanganya jiwe kwenye tanuri la mchanga unaotokota | jiwe, tani 7.8 | tani 1.8 | majivu yenye chokaa nyingi |
| Kupuliza unga wa chokaa iliyozimwa ndani ya tanuri la kawaida | chokaa iliyozimwa, tani 4.6 | tani 1 | majivu yaliyochanganyika na chokaa |

Itazame safu ya pili kwa makini, maana inaweza kukudanganya. Tani 2.5 za chokaa isiyozimwa zinaonekana kidogo, lakini zimetoka kwenye tani 4.5 hivi za jiwe lililochomwa kwa kuni, mafuta au makaa kwenye tanuri la mtu mwingine. Tani 4.6 za chokaa iliyozimwa zimetoka kwenye tani 6.2 za jiwe. Gharama hiyo imo ndani ya bei unayolipa, na dioksidi ya kaboni yake imeshapanda angani huko ilikochomwa. Hata hivyo, dioksidi ya kaboni isikuamulie njia. Tani 100 za makaa zenyewe hutoa zaidi ya tani 200 za gesi hiyo, na tofauti kati ya njia hizi nne ni tani moja mbili tu.

Kuosha moshi

Hii ndiyo njia kongwe. Jijini London, kituo cha Battersea kilichoanza kufua umeme mwaka 1933 kiliosha moshi wake kwa maji ya mto Thames yaliyoongezewa chaki. Siku hizi moshi hupitishwa kwenye mnara ambamo uji wa jiwe la chokaa lililosagwa laini unamwagwa kama mvua kutoka juu. SO2 huyeyuka kwenye maji, humenyuka na jiwe, kisha hewa hupulizwa chini ya mnara ili salfiti, chumvi inayozaliwa kwanza, iongezewe oksijeni na kuwa salfati. Kinachochujwa mwishoni ni jasi, ile ile inayotiwa kwenye saruji na kutengenezewa mbao za dari.

Sifa yake kubwa ni uchumi wa jiwe. Karibu kalsiamu yote inatumika, kwa sababu ndani ya maji jiwe huyeyuka na hakuna kiini kinachobaki bila kuguswa. Tena ni jiwe, halijachomwa. Kama makaa yako yana salfa ya asilimia 2 au 3 na kituo ni kikubwa, hakuna njia nyingine kati ya hizi itakayoishinda kwa gharama ya kila tani ya SO2 inayonaswa. Kituo cha Drax huko Yorkshire, Uingereza, kilifungiwa mitambo ya aina hii miaka ya 1990 na kiliuza jasi yake kwa viwanda vya vifaa vya ujenzi.

Lakini mnara huu una kiu. Moshi unaingia ukiwa na nyuzi zaidi ya 100 na kutoka na nyuzi 50 hivi, na tofauti hiyo imelipwa kwa maji yaliyogeuka mvuke na kupotea. Ongeza majitaka yenye kloridi na metali ambayo lazima yasafishwe kabla ya kumwagwa. Ongeza kutu: moshi uliolowa na wenye tindikali hula chuma cha kawaida, kwa hiyo mnara na njia ya moshi huvishwa mpira, aloi za bei kubwa au vioo maalumu. Kisha kuna tope. Uji wa chokaa ukiachiwa nafasi hujishikiza popote, hukauka na kuwa jiwe tena.

Kuhusu tope, Kusile ilitoa funzo la gharama kubwa. Kituo hicho cha shirika la umeme la Eskom kilichopo Mpumalanga, Afrika Kusini, kina mitambo sita ya megawati 800 kila mmoja, na ndicho cha kwanza cha shirika hilo kufungiwa mashine za kuosha moshi kwa chokaa. Oktoba 2022 njia ya moshi ya mtambo namba 1 iliharibika baada ya tope kujazana ndani na kuielemea. Mitambo mitatu ilikuwa inatumia dohani moja, hivyo kituo kikapoteza uwezo wa mitambo mitatu wakati nchi nzima ilikuwa kwenye mgawo wa umeme. Mwaka 2023 dohani za muda zilijengwa, na mitambo hiyo ikaruhusiwa kurudi kazini bila moshi wake kuoshwa. Ninaposoma habari hizo ninawafikiria watu wa eMalahleni na vijiji vya jirani. Wao ndio waliokuwa wakiisubiri hewa safi, na kifaa kilichojengwa kwa ajili yao ndicho kilichokuwa chanzo cha mgogoro.

Sisemi njia hii ni mbaya. Ninasema anayeichagua anunue na utunzaji wake: vizuia matone vinavyooshwa kwa ratiba, ukaguzi wa njia ya moshi, na mafundi wanaojua kwamba kiwango cha pH, yaani kipimo cha tindikali ya uji, kikipanda juu sana utando wa salfiti utaanza kujenga ukuta ndani ya mnara.

Kunyunyiza uji wa chokaa

Hapa chokaa iliyozimwa, ikiwa uji mzito, hupulizwa na kinyunyizio kiendacho kasi hadi iwe ukungu ndani ya chumba cha moshi moto. Matone hushika SO2 yakiwa bado yamelowa, kisha hukauka kabla ya kufika chini. Unga mkavu huenda na moshi hadi kwenye vichujio vya mifuko, na tabaka la unga linalotanda juu ya mfuko huendelea kunasa salfa. Kwa hiyo ukiwa na vichujio vya mifuko utapata zaidi kuliko ukiwa na kikamata majivu cha umeme.

Maji yanatumika machache kuliko ya kuosha, na majitaka hakuna kabisa. Joto la moshi linabaki juu kidogo ya kiwango cha kulowa, hivyo chuma cha kawaida kinatosha. Kwa boila ya ukubwa wa kati inayochoma makaa yenye salfa isiyozidi asilimia 1.5 au 2, hapa ndipo ningeanza kuuliza bei. Salfa ikipanda zaidi ya hapo njia inakwama, kwa sababu kiasi cha uji unachoweza kupuliza kinafungwa na joto lililomo kwenye moshi. Ukipuliza zaidi, unga haukauki. Utagandana kwenye kuta na kuziba mifuko.

Tatizo lake kubwa ni mabaki. Unachopata ni mchanganyiko wa salfiti ya kalsiamu, chokaa ambayo haikutumika na majivu. Haufai kama jasi. Salfiti hairuhusu saruji kukaza inavyotakiwa, na kiwanda cha saruji kitakurudishia lori lako. Mabaki hayo hufukiwa kwenye shimo lililotandikwa vizuri, au hujazia migodi iliyochimbwa ikaachwa. Kama huna shimo, au mgodi uko mbali, ile nafuu ya ujenzi itaishia kwenye mafuta ya malori.

Jiwe ndani ya mchanga unaotokota

Njia hii ndiyo inayonivutia kuliko zote, kwa hiyo nisome ukijua hivyo.

Boila yenyewe ni ya aina nyingine. Makaa hayaungui kama unga unaopulizwa. Yanaungua ndani ya mchanga na majivu yanayorushwa na hewa kutoka chini mpaka yote yanatokota kama uji jikoni. Joto hushikiliwa karibu nyuzi 850, chini sana ya tanuri la kawaida. Unatia jiwe la chokaa lililovunjwavunjwa pamoja na makaa. Jiwe linaungua humo humo, linakuwa chokaa, na chokaa inainasa salfa pale pale inapozaliwa. Hakuna mnara, pampu za uji wala majitaka. Kwa kuwa joto ni la chini, hata oksidi za nitrojeni, gesi nyingine chafu za moshi, hupungua. Na boila hii haichagui chakula: makaa yenye majivu mengi, ambayo boila nyingine ingeyakataa, huungua bila shida.

Kwa nini basi inakula tani 7.8 za jiwe wakati ya kuosha inakula 3.1? Jibu limo ndani ya chembe ya jiwe. Inapoungua, dioksidi ya kaboni hutoka na kuacha vitundu vingi vidogo. SO2 huingia kwenye vitundu hivyo na kutengeneza salfati ya kalsiamu. Lakini salfati huchukua nafasi kubwa kuliko hata jiwe la mwanzo, kwa hiyo midomo ya vitundu huziba mapema. Ni kama ghala lililopangwa magunia mlangoni hadi juu huku ndani kukiwa kutupu. Kwa kawaida theluthi moja ya kalsiamu, au zaidi kidogo, ndiyo hupata salfa. Iliyobaki inatoka na majivu ikiwa bado chokaa isiyozimwa.

Ndiyo maana mawe mawili yenye kalsiamu sawa yanaweza kutofautiana sana. Umbile la jiwe lina kauli kubwa kuliko cheti cha usafi wake. Marumaru iliyoshikana inaweza kukupa vitundu vichache, na jiwe lenye umbile laini la visukuku vya baharini likafanya vizuri zaidi, ingawa hilo nalo si sheria. Dolomiti ni mfano mzuri. Nusu yake hivi ni magnesiamu kaboneti, ambayo hainasi salfa kwenye joto hilo, lakini husaidia vitundu vibaki wazi. Ukipima kwa kila punje ya kalsiamu, dolomiti huweza kulishinda jiwe la kawaida. Ukipima kwa kila tani unayosafirisha, mara nyingi inashindwa. Kabla ya kusaini mkataba wa jiwe, lipime kwenye tanuri dogo la majaribio kwa joto lile lile la boila yako.

Joto nalo lisichezewe. Chini ya nyuzi 800 jiwe linaungua kwa uvivu. Juu ya 900 unasaji unaanza kushuka, na meneja anayepandisha joto ili apate mvuke zaidi atauona mkono wa kipimo cha SO2 ukipanda naye.

Botswana walifuata mkondo huu kwa kituo cha Morupule B karibu na Palapye: mitambo minne ya megawati 150 yenye boila za aina hii, kwenye nchi kame ambako mnara wa kuosha moshi ungegombania maji na watu na mifugo. Boila hizo zilisumbua sana miaka ya mwanzo, jambo linaloonyesha kwamba urahisi wa kemia haumwondolei mtu haja ya kujenga na kusimamia vizuri.

Majivu yake yanataka heshima. Yana chokaa hai, yakimwagiwa maji yanapata moto, na yakitumika kujazia chini ya jengo yanaweza kuvimba miezi baadaye na kupasua sakafu. Yazimwe kwanza, yapoe, kisha yatumike kwenye barabara, migodi au udongo wenye tindikali baada ya kupimwa metali zake.

Kikwazo kikuu ni kwamba lazima ununue boila mpya. Mwenye boila ya unga wa makaa iliyokwisha kusimama hawezi kuingia njia hii bila kuibomoa.

Kupuliza unga kwenye tanuri ulilonalo

Mwenye boila ya zamani na fedha kidogo huishia hapa. Unatoboa matundu juu ya tanuri, unapuliza unga wa chokaa mahali ambapo moshi una nyuzi 1,100 hadi 1,250, na unga una sekunde moja au mbili tu za kufanya kazi. Pakiwa na moto zaidi, chokaa huungua kupita kiasi, vitundu vyake hufumbana, na hata salfati iliyokwisha kuundwa huanza kuvunjika. Majaribio yaliyofanywa kwenye kituo cha Edgewater, Lorain, Ohio, kuanzia miaka ya 1980 yalionyesha mipaka yake: chokaa iliyozimwa ilinasa nusu ya SO2 au zaidi kidogo, na jiwe lililosagwa kwa ulaini wa kawaida lilinasa robo hivi, kwa uwiano wa kalsiamu mbili kwa salfa moja. Wafini waliongeza chumba cha kulowesha moshi baada ya boila ili kuamsha chokaa iliyobaki, na hapo unasaji ukapanda.

Kama sheria yako inataka upunguze nusu, au kituo kina miaka mitano kabla ya kufungwa, njia hii ina mantiki. Uangalie kikamata majivu chako cha umeme: vumbi linaongezeka sana na chokaa hubadilisha jinsi majivu yanavyopokea chaji, hivyo unaweza kupunguza SO2 huku ukiongeza vumbi juu ya nyumba za jirani.

Nitoke nje ya kalsiamu kidogo. Kama unataka kupuliza unga mkavu kwenye njia ya moshi, mbali na tanuri, chumvi za sodiamu hufanya vizuri kuliko chokaa, na magadi ya Ziwa Magadi nchini Kenya ni ya jamii hiyo hiyo. Ila mabaki ya sodiamu huyeyuka kwenye maji, na shimo la taka lisilotandikwa litapeleka chumvi visimani.

Medupi: gharama ya kutoamua

Kituo cha Medupi, Lephalale, mkoani Limpopo, kilijengwa kwa kuacha nafasi ya kuweka mashine za kuosha moshi baadaye. Mkopo wa Benki ya Dunia wa dola bilioni 3.75, uliokubaliwa mwaka 2010, uliambatana na ahadi ya kuziweka. Mtambo wa sita na wa mwisho ulianza kazi rasmi mwaka 2021, na hakuna hata mmoja kati ya sita uliokuwa na mashine hizo. Mwaka mmoja kabla, kikomo cha SO2 kwa mitambo mipya nchini humo kilikuwa kimelegezwa kutoka miligramu 500 hadi 1,000 kwa kila mita ya ujazo ya moshi.

Fedha ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni maji: Lephalale ni kukame, na Medupi inapozwa kwa hewa kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye kituo cha namna hiyo mnara wa kuosha moshi unageuka kuwa mnywaji mkubwa. Nadhani kama swali la maji na la mabaki yangejibiwa kwenye karatasi ya kwanza, boila zenyewe zingeweza kuwa za aina nyingine.

Kwetu, wapi inagusa

Viwanda vya saruji vya Tanzania vinavyochoma makaa ya Ruvuma tayari vina nusu ya kazi imefanyika, maana ndani ya tanuri la saruji kuna chokaa moto tele inayokutana na moshi. Salfa nyingi inaishia ndani ya saruji. Mwenye haja ya kufikiri ni mwenye boila ya kiwanda cha nguo, karatasi au chakula aliyehama kutoka mafuta mazito kwenda makaa. Kwake, nikiulizwa, boila ndogo ya mchanga unaotokota itangulie kama bado hajanunua. Kama amekwisha kununua ya kawaida, aulizie bei ya kunyunyiza na vichujio vya mifuko. Mnara wa kuosha auache, isipokuwa ana maji ya uhakika na mnunuzi wa jasi aliyeweka sahihi.

Jiwe lipo Tanga, na Koru upande wa Kenya. Ninaomba jambo moja kwa mkazo: asitokee mtu akanunua chokaa ya matumbawe yaliyovunjwa baharini kwa sababu ni ya bei rahisi. Mikindani na Mafia wameshaona tumbawe likigeuzwa chokaa, na mahali pake samaki hawarudi kwa miaka mingi.

Ukienda kwa mwenye machimbo, mwambie akupe kilo 50 za jiwe lenyewe, zilizochukuliwa sehemu tatu za ukuta wa chimbo, na uchukue na makaa ya shehena mbili tofauti. Salfa ya makaa hubadilika kutoka mkondo mmoja wa mgodi hadi mwingine, na mtambo uliopimiwa asilimia 0.8 utashindwa siku shehena ya asilimia 1.6 itakapoingia. Mafundi wavae miwani na barakoa wanapogusa chokaa isiyozimwa, na pawe na maji ya kuoshea macho hatua chache tu kutoka hapo.